Simu ya Saa Tatu na Nusu

Gitega, Jumapili

Mdogo wangu mpendwa Zuena,

Assalaam aleikum. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba yule mdogo kikohozi kimemwacha. Mama hajambo? Bado anagombana na daktari kuhusu chumvi? Nawaulizia wote, hata yule jogoo wa Sudi anayewika saa sita mchana. Mimi huku Gitega sijambo. Nakula, nalala, kazini naenda. Mvua imetuandama wiki nzima na barabara ya mtaani kwetu imekuwa tope tupu, lakini wakulima wanafurahi, kwa hiyo nanyamaza.

Najua utacheka ukiona bahasha. Utasema kaka amezeeka kabla ya umri, nani tena anaandika barua wakati simu iko mfukoni. Simu nimeijaribu, Zuena. Tangu Alhamisi nimekupigia mara nne, na kila ukipokea nakuuliza bei ya vitambaa. Umenijibu mara zote nne bila kuchoka. Kwenye simu mimi ni hodari sana wa kukwepa, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nimeona niandike. Nitampa dereva wa gari la Muyinga akukabidhi mkononi.

Alhamisi ndugu yetu Sudi alinieleza yaliyompata shangazi Farida. Alisema mwanawe Hamadi alipokufa kwa ajali ya pikipiki kule upande wa Ngara, wewe ndiwe uliyempigia shangazi simu Giteranyi, ukamwambia moja kwa moja, bila kumzungusha, kwamba mwanawe amefariki. Shangazi alikuwa njiani peke yake, anatoka sokoni. Alianguka palepale, nyonga ikavunjika, na waliomwokota ni watu wasiomjua hata jina. Sudi alisema ukoo mzima umekukasirikia, kwamba wanawake waliokuja matangani walikupita bila salamu, kwamba mama naye anakujibu kwa kichwa tu, na kwamba shangazi hataki kukuona karibu na kitanda chake. Akaniuliza mimi, kama mkubwa wenu, tukufanye nini. Halafu akaongeza kwamba ulipoulizwa sababu, hukujitetea. Ulisema tu kwamba ulikwisha kumficha mtu mmoja habari ya kifo, mtu huyo akakosa kumzika baba yake, na wewe hutarudia tena.

Mtu huyo ni mimi. Nina la kusema juu ya hilo na nitalisema, lakini nikilitanguliza hutalielewa vizuri. Kwanza nikueleze kazi yangu, maana miaka yote hii hakuna hata mmoja wenu niliyemweleza sawasawa.

Mwenye nyumba ninayopanga, Mama Emerensiana, ananiita komisyoneri. Kwake yeye mtu yeyote anayekaa katikati ya muuzaji na mnunuzi ni komisyoneri, kama wale wa viwanja na wa ng'ombe. Kila jioni nikifungua geti ananidaka: "Ee komisyoneri, leo uliuzisha nini? Mbona mi sionake hata mbuzi?" Siku moja nilikaa nikamweleza kwamba mimi ni dalali wa hisa, kwamba hisa ni vipande vya kampuni, na mwenye kipande ni mmoja wa wenye kampuni, ikipata anapata, ikianguka anaanguka nayo. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza hivyo vipande vimewekwa stoo gani. Baada ya hapo nilimwambia nauza kahawa, akaridhika.

Kazi yenyewe haina utajiri mnaoudhani. Nilisoma Dar es Salaam miaka mitatu, kama unavyokumbuka, nikafanya mitihani ya sheria na ya hesabu, nikapewa leseni, nikarudi. Soko letu bado changa. Kuna siku nzima hakuna hata mtu mmoja anayetaka kununua chochote, nami nakaa mbele ya kompyuta nikimsikiliza jirani anavyochomelea milango. Yaliyonishinda ni yale ambayo hayakuwa kwenye mitihani. Dalali anatakiwa afunge mdomo. Najua ni nani hapa mjini anauza kila alichonacho kwa sababu mtoto ni mgonjwa na mke hajaambiwa. Najua nani anatembea kitajiri na hana kitu. Nikikutana nao njiani wanaangalia pembeni, maana nawafahamu kuliko ndugu zao, na mimi siruhusiwi hata kuonyesha kwamba nafahamu. Msikitini, baada ya swala, wanaume wananisogelea. "We unajua, tuambie kidogo tu, nini itapanda?" Nikinyamaza wanasema naringa, na nikitamka neno leseni imekwenda. Siku hizi nikishatoa salamu natoka kabla wenzangu hawajapata viatu vyao. Nyama ya kuchoma naichukua kwenye karatasi, nakwenda kula chumbani. Na yule binti wa Karusi ambaye mama bado ananiulizia, alisema hawezi kuolewa na mtu ambaye akiulizwa ameshindaje anajibu "vizuri", basi. Nilitaka kumweleza kwa nini niko hivyo. Nikamwambia nimeelewa, basi.

Tena dalali anatakiwa awe na sikio. Wateja wengi wanapiga simu, na mtu akizungumzia mali yake hasemi anachokitaka. Anayekwambia hana haraka ana haraka kweli. Anayekuulizia ndugu zako mmoja mmoja anataka kuuza na anaona haya. Mkurugenzi wetu, Bwana Dominiko, mzaliwa wa Bukirasazi, alinifundisha kufumba macho nikipokea simu, ili nisikie yaliyo nyuma ya sauti, kama mteja yuko barabarani, kama amekunywa, kama kuna mtu pembeni anamwamrisha. Ni kwa sababu agizo la kuuza lazima litoke kwa mteja mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa hai na akili yake timamu. Kila simu naiandika kwenye daftari la maagizo: nani kapiga, saa ngapi, kasema nini. Bwana Dominiko husema bila daftari lile sisi tungekuwa komisyoneri kweli. Na alinifundisha kutotetemeka. Bei ikiporomoka, mteja akilia, mnunuzi akitukana, mkono wako ubaki ulivyo. Hilo nilifaulu kuliko wenzangu wote, na niliona fahari.

Sasa nije kwa baba. Unajua alikuwa mteja wangu wa kwanza. Nilipopata leseni alikuja Gitega na kofia yake ya Idd, akakaa kwenye kiti cha wateja, akakataa chai mpaka nimwite Mzee Amissi kama ninavyowaita wengine. Fundi cherehani wa Muyinga akanunua hisa za kiwanda cha kukoboa kahawa, na akarudi nyumbani akiwaambia watu wa sokoni wakoboe vizuri, mwenye kiwanda yuko macho. Wewe ulipoachika ukarudi nyumbani na watoto, alisaini karatasi ya kuziuza zote ili akufungulie duka lako la kushona. Alitaja bei yake, akasema chini ya hapo tusiguse. Miezi miwili na zaidi hatukupata mtu. Kila Ijumaa alinipigia kuuliza, nami nilimjibu, bado, mzee, tuvumilie.

Ikafika ile Jumanne. Saa mbili asubuhi mnunuzi mmoja mkubwa wa Bujumbura alijitokeza. Alizitaka hisa zote za baba, kwa bei ya baba, ila alitaka tumalizane naye kabla ya saa saba mchana. Karatasi ya baba ilikuwa imepita muda wake wa siku sitini, ikanibidi nipate neno lake upya. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Saa tatu na nusu simu yangu ililia, nikaona jina lako.

Ulisema, "Kaka Uthmani, baba iko mbaya kidogo, lakini si sana. Ukipata nafasi, kuja." Najua umeyarudia maneno hayo kichwani miaka miwili. Ulisema kama tunavyosema sisi sote. Kwetu habari ya msiba haitupwi kwenye simu. Mtu anaambiwa mgonjwa amezidiwa, anakuja, anakalishwa, watu wanamzunguka, ndipo anaambiwa. Mimi nilikujibu kwamba nina kazi kidogo, nitajitahidi, na kwamba umpe baba maji mengi.

Nilifika saa kumi na moja jioni. Mlinisubiri adhuhuri, mkanisubiri tena mpaka alasiri, sheikh akasema haifai kumchelewesha maiti zaidi ya hapo. Sudi aliingia kaburini mahali pangu, mimi mtoto wa kwanza, ambaye baba alikuwa akiwaambia watu kwamba ndiye atakayemlaza. Nilikuta udongo umekwisha kusawazishwa na watu wananawa miguu. Wewe ulinipokea mlangoni, ukanikumbatia shingoni, ukalia ukisema kosa ni lako, ungeniambia wazi ningefika mapema. Nilisema sikujua. Nilisema mafuta hayakupatikana, magari ya kupitia Karusi yalikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, nanyi mliamini kwa sababu siku zile mafuta yalikuwa shida kweli. Mama alinisamehe kabla sijaomba. Wewe ndiye hujajisamehe mpaka leo.

Zuena, nilijua.

Nilijua kabla hujakata simu. Kwanza uliniita kaka Uthmani, wewe ambaye tangu nipate leseni huniiti ila Bwana Vipande. Redio ya baba haikusikika, na saa ile haikosi kusikika. Halafu nyuma yako nikasikia kitambaa kinachanwa. Sisi ni watoto wa fundi. Nyumbani kwetu kitambaa hukatwa kwa mkasi, na baba angemtimua mtu anayekichana kwa mikono. Kinachochanwa kwa mikono ni sanda. Nilikuwa nimefumba macho kama nilivyofundishwa, nikasikia kinachanwa mara tatu, na ya tatu ilichukua muda mrefu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Uliniambia kwa njia ya kwetu, na mimi nikaelewa kwa njia hiyohiyo.

Kisha nikafumbua macho. Mteja akifa, agizo lake linakufa pamoja naye, na hisa zinafungwa mpaka karatasi za urithi zitoke, mwaka mmoja, pengine miwili. Nikavuta daftari la maagizo nikaandika: Mzee Amissi, amepiga simu mwenyewe, saa tatu na dakika arobaini, amethibitisha kuuza zote. Wakati ule ninyi mlikuwa mnatafuta maji ya kumwoshea. Mwandiko umenyooka kabisa, juzi nilikwenda kuuangalia tena. Baada ya hapo nikakaa kusubiri karatasi za mnunuzi, ambazo hazikufika mpaka saa saba kasorobo. Muda wa saa tatu nzima nilikaa pale. Nilikunywa chai. Bwana Dominiko alipita mezani kwangu akaniuliza baba hajambo huko Muyinga, nikamwambia hajambo, anakusalimu.

Lile daftari ndilo lililonifunga tangu siku hiyo. Kwa kuwa nilikuwa nimeandika kwamba baba alipiga simu asubuhi, ofisini niliwaambia amefariki usiku uliofuata. Walitaka kukodi gari waje wote kuhani, Bwana Dominiko na makarani wawili, na mimi nikawazuia. Nilisema kwetu Waislamu mambo yamekwisha. Niliogopa mmoja wenu asije akawatajia saa. Ndiyo maana hamkuona mtu hata mmoja kutoka kazini kwangu, mkadhani hawanipendi, na mama akanionea huruma. Hapa Gitega hakuna ninayeweza kumwambia saa ya kweli aliyokufa baba, na nikija kwenu hakuna ninayeweza kumwambia nilikuwa wapi. Ninapomwombea dua nafunga mlango, nashusha sauti, Mama Emerensiana asinisikie akaniuliza ni nani.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilifanya kwa ajili yako, kwa ajili ya duka na watoto. Ningependa iwe hivyo. Huenda hata baba angelikubali. Lakini nikikuandikia uongo leo, basi nimepoteza karatasi bure. Asubuhi ile sikukufikiria hata mara moja. Nilichokuwa nakitazama ni mkono wangu. Baba yangu alikuwa amelazwa akisubiri kuoshwa, na mimi nilikuwa najisifu moyoni kwamba naandika bila kutetemeka. Nilikuja kutetemeka baadaye, tulipofika Karusi, nikatetemeka mpaka dereva akadhani nina malaria akafunga dirisha.

Duka ni lako. Usinitumie mtu kuniambia unarudisha cherehani. Lilikuwa neno la baba, alilisaini akiwa mzima, mama na Sudi walilijua. Kama wao wana la kudai kwa sababu ya nilivyoziuza, wanidai mimi, nitalipa kidogokidogo. Kesho asubuhi nitampelekea Bwana Dominiko daftari nimwonyeshe ule mstari. Sidhani kama leseni itabaki, na sijui nitafanya kazi gani nyingine, maana hii ndiyo niliyoisomea. Nimeanza na wewe kwa sababu yeye nilimdanganya siku moja, wewe nimekudanganya kila Idd. Kila Idd unanitengea sahani ya kwanza, unanitazama machoni kama mtu mwenye deni, nami naipokea nakula.

Sasa shangazi. Ulimwambia vile kwa sababu yangu. Uliiacha njia ya kwetu kwa kuwa nilikuacha uamini kwamba ndiyo iliyoninyima kumzika baba. Haikuninyima kitu. Ningetoka ofisini saa ile ile ningefika wakati bado hamjamaliza kumvisha. Kwa hiyo nyonga ya shangazi iko shingoni mwangu, na kunyimwa kwako salamu matangani kuko shingoni mwangu pia. Naogopa, Zuena, nikuambie ukweli. Naogopa sura ya mama. Hata hivyo nakuomba uwachukue mama na Sudi, mwende Giteranyi kwa shangazi, barua hii isomwe mbele yake. Aisome Sudi, kwa sababu ukiisoma wewe watasema umeitunga. Asiruke kitu, hata pale nilipokunywa chai.

Nitakuja Jumamosi. Nikikuta mlango umefungwa nitakwenda kwanza makaburini, halafu nitatafuta pa kulala mjini, sitamlaumu mtu. Sikuombi unisamehe wiki hii. Ninachotaka ni kwamba jioni ya leo, au siku yoyote barua itakapokufikia, uweze kulala bila kuisikia tena ile simu.

Nisalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu kama bado atakubali. Nisalimie Sudi na mkewe, na wanao uwabusu. Shangazi Farida namwombea apone haraka, na mwambie nitampigia magoti mwenyewe. Majirani wote wa upande wa msikiti nao wape salamu zangu.

Ni mimi kaka yako, uliyemwambia naye akaelewa,

Uthmani Amissi